Nani Alichanganya Baruti Yangu?

Bastola ilinilipukia mkononi Jumamosi, saa tano asubuhi, pale range ya Anoka, uwanja wa kulenga shabaha.

Sijasema risasi ilitoka. Nimesema bastola yenyewe ilipasuka!

Masikio yalikuwa yanalia tu, ngiiiii... Nikaangalia chini nikaona damu kwa viatu. Nikajiuliza hii ni ya nani. Wueh! Kumbe ni yangu.

Na hapo hapo nikasikia kichwani sauti ya mke wangu, Kerubo, vile alikuwa ameniambia wiki mbili kabla:

"Siku moja hiyo kitu itakutoa macho."

Hayo maneno ndiyo yalinivunjia nyumba, watu wangu. Ngojeni niwaambie. Matusi wekeni mpaka nimalize, maana najua yanakuja.

Mimi ni Muriuki, nurse, naishi Coon Rapids, Minnesota. Kabla mtoto wetu Keziah azaliwe nilikuwa na hobby moja tu, kujaza risasi mwenyewe kwa garage. Ku-reload. Unaokota maganda yaliyotumika, unayasafisha, unaweka kiwashio kipya, unapima baruti kwa mizani, halafu unafunga na kichwa cha risasi. Kuna watu wanatulizwa na mpira. Mimi nilikuwa natulizwa na ile mizani.

Keziah alipozaliwa niliacha. Mashine nikafunika na shuka, baruti nikaiacha kwa shelf. Miaka sita!

Mwaka jana hamu ikarudi. Nikaenda dukani kwa Alvin, mzee mzungu wa Anoka ambaye ndiye alinifundisha hii kazi.

"Unarudi?" akaniuliza akicheka. "Basi unaanza upya. Viwashio vipya, kitabu kipya cha vipimo, baruti mpya."

"Baruti ninayo. Mikebe miwili, kila mmoja nusu."

"Umeifungua lini?"

"Miaka sita."

Alvin akaacha kucheka.

"Mwaga," akasema. "Itandaze kwa nyasi nyuma ya nyumba, ni mbolea. Baruti ambayo huna uhakika nayo usiitie kwa bastola."

Mwaga? Mimi? Mtoto wa mama aliyekuwa anasuuza pakiti ya maziwa na maji ya chai ndiyo lisipotee tone? Nikanunua viwashio na kitabu. Baruti mpya nikairudisha kwa shelf ya Alvin akiniangalia.

Nyumbani nikapata mkebe mmoja tu. Na umejaa!

Nikasema aah, basi kumbukumbu yangu imezeeka. Nikafurahi hata. Ningekuwa na akili ningeogopa.

Kerubo alinikuta nikipangusa vumbi kwa mashine.

"Baba Keziah, unarudi kwa hiyo kitu?"

"Ni hobby tu, mama."

Ndipo akaniambia hayo maneno ya macho. Wiki mbili baadaye niko emergency, mkono umefungwa kama maandazi. Macho yalipona. Kidole cha shahada hakikunjiki mpaka leo.

Jumatatu Alvin alikuja kuniona. Akamwaga baruti yangu kidogo kwa karatasi nyeupe, akanipa lensi.

"Angalia vizuri. Ziko aina mbili humu. Zinafanana, lakini moja inaungua haraka zaidi, na wewe umepima kama ile ya polepole."

"Unamaanisha nini?"

"Kuna mtu amechanganya. Nani mwingine anaingia garage yako?"

Nani mwingine? Nyumba ina watu watatu, na mmoja ana miaka sita.

Jioni hiyo Kerubo alikuwa anakata sukuma. Nikaweka mkebe mezani, pap!

"Kwa nini?"

"Kwa nini nini?"

"Mikebe ilikuwa miwili, nusu nusu. Sasa ni mmoja, umejaa, na umechanganywa. Ule mwingine uko wapi, Kerubo?"

Kisu kikasimama. Akaangalia mkebe. Halafu akaangalia friji, pale tulikuwa tumebandika picha ya mamangu amembeba Keziah akiwa mchanga. Aliangalia hiyo picha muda mrefu.

"Mama anaendeleaje?" akauliza.

Mnaamini? Mamangu alikuwa ametoka hospitali huko nyumbani Kerugoya, Kenya, wiki tatu tu. Stroke ndogo. Daktari alisema asishtuliwe hata na mlango, na hata hii ya mkono tulikuwa tumemficha. Mimi nikaona mwanamke anabadilisha stori.

"Usimwingize mamangu! Ulitaka kuniua!"

"Mimi?"

"Wewe! Si ulisema itanitoa macho?"

Alisimama tu, kisu mkononi, akiningojea. Kama nimeanza sentensi na sijaimaliza.

"Sikugusa," akasema mwishowe. "Na sina kingine cha kuongeza."

Mtu asiye na hatia hujitetea. Hivyo ndivyo nilijiambia. Mjinga mimi.

Nikaingia kwa group ya watu wetu wa Minnesota, nikatuma voice note ya dakika saba. Mke wangu amenichanganyia baruti! Wueh, mlivyonionea huruma! Mmoja akaandika, "Si unajua watu wa huko kwao na hasira." Nikaiona. Sikumkanya. Niliweka emoji ya kulia.

Wazee wa kanisa wakaja, wakaketi sebuleni na chai.

"Mama Keziah, hebu tusikie upande wako."

"Sina upande," Kerubo akasema.

"Unakubali basi?"

"Sijakubali. Sina la kusema tu."

Wiki iliyofuata alihamia mtaa wa Saint Louis Park na mtoto. Alikunja nguo zake polepole, akaosha vyombo vya mwisho, akaniachia supu kwa friji. Nikaimwaga mbele ya Keziah. Nilidhani ina sumu, haki ya Mungu nilidhani hivyo!

Kilichoniudhi zaidi ni mamangu. Kila nikimpigia:

"Kerubo alinipigia jana. Huyo msichana ana roho safi, Muriuki. Mtunze."

Nilikuwa nasaga meno. Nikasema huyu ni mnafiki, anamzunguka mamangu. Mama hakuwahi kujua tumeachana.

Februari mwaka huu, Mama akaenda. Alilala baada ya chakula cha mchana, hakuamka.

Kerubo alinipigia analia mpaka maneno hayasikiki.

"Nataka kuja kumzika."

"Usikanyage," nikamwambia. "Umesikia? Usikanyage kwa mama yangu."

Kisha akasema, "Sawa, Baba Keziah." Na kweli hakuja.

Tulimzika Kerugoya, Alhamisi. Ijumaa, wageni wamepungua, dadangu Dinah alikuwa anapika chai kwa jikoni ya Mama.

"Nipee majani," akaniambia. "Iko kwa ule mkebe mweusi, juu ya kabati."

Nikanyoosha mkono. Nikaushika.

Mweusi, wa plastiki, kifuniko chekundu. Karatasi imechubuka lakini jina la baruti linasomeka. Na chini yake kuna mwandiko wa kalamu... wangu! Tarehe niliyoufungua, miaka saba iliyopita.

"Dinah... hii ilitoka wapi?"

"Huo? Si kwako? Alikuja nao alipotoka kulea Keziah." Dinah alikuwa hata anatabasamu. "Alikuwa anaambia kila mgeni. Eti Muriuki ana vitu viwili vya nusu nusu, vinajaza shelf bure. Akamimina vyote kwa mmoja, huu akauosha. 'Nilimpangia mtoto wangu garage,' hivyo ndivyo alisema. Alijivunia sana huo mkebe."

Nilikaa chini. Kwa sakafu, na suti yangu.

Mama yangu! Alikuja kutushikia mtoto, akaona garage chafu, akapanga vile alipanga stoo yake maisha yote. Sukari nusu na sukari nusu ni mkebe mmoja. Nani angemwambia baruti si sukari? Mimi ndiye nilipaswa kumwambia, na sikumwambia.

Na mimi nilikuwa nimeambiwa! Alvin alisema mwaga. Nikakataa kwa roho ile ile ya kuokoa nusu mkebe.

Nikampigia Kerubo hapo hapo. Huko ilikuwa asubuhi, anajitayarisha kwenda kazi.

"Nimepata ule mkebe," nikasema. "Una majani ya chai ndani."

Nikasikia akiweka kikombe chini.

"Kerubo?"

"Nakusikia."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu uuweke ule mwingine mezani. Ni mimi nilimpakia kwa suitcase. Alikuwa ameujaza vitamini. Alisema kitu kizuri hivi hakitupwi."

"Sasa mbona hukusema? Aki Kerubo, mbona hukusema!"

Alivuta pumzi.

"Mama alikuwa na wiki tatu tangu atoke hospitali. Na wewe nakujua ukiwa na hasira. Ungempigia simu hapo hapo, kabla mimi nimalize kukata sukuma. Angesikia kwamba karibu aue mtoto wake na mkono wake mwenyewe. Angebaki?"

Nikafunika ule mkebe.

"Kila Jumapili alikuwa ananiuliza kama garage yako bado iko safi," akasema. "Ningemwambia nini?"

"Ungeniambia mimi, baadaye..."

"Nilikuwa nangojea uniulize. 'Ni wewe?' Maneno mawili tu. Ungeuliza vizuri ningekukalisha chini nikwambie polepole. Wewe hukuuliza. Uliniambia mimi ni muuaji, halafu ukaambia Minnesota nzima."

Nililia kwa jikoni ya Mama mpaka Dinah akazima moto.

Niliporudi nilienda Saint Louis Park moja kwa moja kutoka airport, na ule mkebe kwa begi. Sikuwa hata nimebadilisha nguo. Kwa group nilikuwa nimeshatuma voice note nyingine, ya kweli. Dakika moja. Watu wale wale wa huruma, kimya!

Kerubo alifungua. Akaona mkebe, akaushika na mikono yote miwili, akanusa majani. Akalia kwa sauti ya chini. Kisha akatupikia chai kutoka humo, tukakunywa sebuleni, Keziah akichora kwa sakafu.

"Nisamehe," nikasema.

"Nilishakusamehe. Ukiwa na hasira ya kumwaga supu yangu, Keziah aliniambia, na bado nilikusamehe."

"Basi rudi nyumbani."

Akatingisha kichwa.

"Muriuki."

Tangu Keziah azaliwe aliniita Baba Keziah. Siku hiyo aliniita Muriuki, nikajua imeisha.

"Tumelala kitanda kimoja miaka tisa," akasema. "Ulinishuku mimi kabla hujashuku mkebe wa miaka sita. Nikirudi, siku nyingine kitu kikipasuka, utaangalia nani?"

Mna jibu nyinyi?

Alinisindikiza mpaka mlangoni. Nikageuka, nikajikaza.

"Kerubo, ile siku, na hayo yote niliyokuita... ulikuwa bado unanipenda?"

Aliniangalia. Machozi yalikuwa yamejaa lakini hayakudondoka.

"Ona sasa, unajua kuuliza," akasema. Akafunga mlango pole pole.

Ile baruti niliitandaza kwa nyasi nyuma ya nyumba, vile Alvin aliniambia siku ya kwanza. Mashine nimeuza. Mkebe wa Mama nilimwachia Kerubo, kwa sababu yeye ndiye aliyemtunza mwenye nao.

Wewe unayesoma hii ukiwa umemnunia mtu wako: kitu usicho na uhakika nacho, mwaga. Na mtu usiye na uhakika naye, muulize. Muulize leo, kwa sauti ya chini, halafu unyamaze umsikilize.