Helikopta ya Chumbani

"Jamani, hii ni helikopta au mashine ya kusaga nyanya?"

Watu waliojazana kwenye maonyesho ya michezo ya kompyuta wakageuka. Dada aliyesema hivyo alivaa gauni la kijani na raba nyeupe, kapendeza kweli, ila kucha zake zilikuwa na weusi wa grisi. Alikuwa fundi wa helikopta, na ule mlio wa kuigiza wa kwenye mchezo ulimkera hasa.

"Mlio huo nimeutengeneza mimi," akasema kijana mmoja mrefu, hedifoni shingoni.

"Pole."

"Pole haitoshi. Nifundishe."

Basi mtoto wa watu akafundisha. Akampeleka karakana, wakatega vinasa sauti karibu na injini, akamsikilizisha inavyoanza kwa mluzi mwembamba kabla mapanga ya juu hayajashika kasi. Haukupita muda wakawa wanaitana mpenzi, na mama wa fundi akaanza yale maswali ya kina mama.

Kitu kimoja tu kilimnyima raha fundi: rubani wa pale kazini, mrembo wa miwani myeusi, aliyezoea kumwambia kijana, "Njoo siku fundi wako hayupo, nikurushe." Fundi alicheka na wenzake huku roho inamuuma. Bwana wake wa kwanza alikuwa akimdanganya kwenye simu mahali alipo, mpaka fundi akaachana naye. Aliapa hadanganywi tena.

Siku moja ya mapumziko akampigia kijana.

"Uko wapi, laazizi?"

"Nyumbani, mpenzi. Kazi imenibana."

Nyuma yake injini ilikuwa inanguruma. Injini hai kabisa, anayoijua kama kikohozi cha mama yake.

"Siku hizi nyumbani kwako kuna uwanja wa ndege?"

"Sikia, hii ni..."

Akakata. Simu ikaita, ikaita. Akaitupa kitandani, akalia mpaka kope zikavimba, maana alimpenda yule kijana kupita kiasi.

Jioni akapokea, nia yake amtukane tu.

"Usiseme kitu," kijana akasihi. "Sikiliza."

Injini ikaanza, ikapanda, ikakatika ghafla. Ikaanza tena pale pale, ikakatika. Ya tatu ikaanzia katikati. Fundi akakaa kitako. Hakuna injini duniani inayowashwa namna ile.

"Ni kompyuta?"

"Kompyuta, mimi, na bukta iliyochanika. Rubani wenu hata namba yake sina."

"Mshenzi wewe! Umeniliza bure!"

"Fundi mzima umeingia mkenge! Basi kazi yangu imeiva."

"Toka hapa!" Lakini alikuwa anacheka huku anafuta kamasi.

"Kuna neno nilitaka kukwambia."

"Zima hiyo kelele kwanza."

Akazima. "Nataka kukuoa. Nije lini kwa mama?"

Fundi akajiziba mdomo kwa mto.

"Upo?"

"Nipo. Washa helikopta yako."

"Ya nini tena?"

"Washa tu! Nalia, sitaki unisikie."

Akaiwasha. Ikanguruma haswa.

"Kesho!" fundi akasema.

"Nini? Sikusikii!"

"Nimesema njoo kesho!" akapiga kelele, mpaka mama yake akachungulia mlangoni kuuliza ni nani huyo anayekuja.