Nusu Isiyo na Mita

Kila mapumziko, msichana mgeni wa darasa la saba alikula peke yake kando ya mfereji wa shule. Wenzake hawakumchukia, walikuwa wameshazoeana kabla hajaja, basi. Naye akajizoesha kutazama maji, maana maji hayamuulizi mtu katokea wapi.

Siku moja mwalimu wa sayansi akataka kila kikundi kieleze kama mfereji ule unakwenda kwa utulivu au kwa nguvu ya kula kingo. Kikundi kimoja kikampokea msichana shingo upande.

Shangazi yake, mhandisi wa mifereji, alikuwa amemfundisha njia. Msichana alipima mwendo wa maji ya mfereji kwa jani lililoelea. Kisha akapima mwendo wa kiwimbi kwenye karai la maji yaliyotulia, ya kina kilekile. Akagawanya mwendo wa maji kwa mwendo wa kiwimbi. Jibu likizidi moja, maji yanayashinda mbio mawimbi yake, na kingo zitataka kujengwa imara. Yeye alipata nusu.

"Nusu nini?" akauliza kiongozi wa kikundi, waliyemwita Bosi.

"Nusu tu. Mita kwa sekunde juu, mita kwa sekunde chini, zinafutana."

"Nusu tu, kama mkate?" Wakaangua kicheko. "Jibu bila kipimo linakatwa alama, dada. Weka mita, au katafute kikundi kingine."

Arudi tena kuwa peke yake? Akaandika: nusu mita. Bosi akamsogelezea nafasi kwenye benchi. Akakaa, ila raha haikuja.

Mwalimu aliposoma akauliza, "Nusu mita ya nini? Urefu? Kina?"

Msichana akasimama.

"Mwalimu, hiyo mita nimeiweka mimi, na si kweli. Ni nusu tupu."

"Twende tukaone."

Mferejini Bosi akatupa kokoto. Viwimbi vikapanda polepole kinyume na mkondo.

"He! Vimepanda!" akasema Bosi. "Basi maji hayajavishinda. Ni chini ya moja kweli!"

"Namba hii inalinganisha tu, ndiyo maana haina mita," mwalimu akaeleza. "Mhandisi huitumia kwenye mfereji mdogo wa majaribio na kwenye mto mkubwa vilevile."

Kisha akamgeukia msichana, sauti chini. "Upweke ni mgumu, mwanangu, naujua. Lakini ukiuponya kwa uongo, utakaa katikati ya watu na bado uwe peke yako. Sema kweli mbele ya Mungu na mbele ya wenzako, hata sauti ikitetemeka. Atakayekaa nawe baada ya hapo, huyo amekaa na wewe mwenyewe."