Mahali pa Kuweka Mikono

Rangi ilishika kote isipokuwa mahali pawili. Gamba la laptopu lilikuwa limelala juu ya magazeti kwenye meza ya stoo, jeusi, linang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Lakini upande wa mbele, kushoto na kulia, pale mtu anapoegemeza viganja akichapa, palibaki madoa mawili mapana ya kijivu, kana kwamba kopo la rangi halikuwahi kupita hapo. Mkuu aliyatazama, akasonya.

"Rangi feki hii," alisema.

Hakuna aliyemwita Mkuu isipokuwa mkewe, na mkewe naye aliamriwa. Alikuwa na wiki mbili tu tangu apewe ukuu wa masjala, yaani chumba cha mafaili, cheo ambacho mtu mwenye akili zake angekipokea kwa kushukuru kimyakimya na kuendelea kufuta vumbi. Yeye alikwenda kununua tai tatu. Debe tupu haliachi kuvuma, na hili lilivuma mpaka majirani wakawa wanafunga madirisha.

Laptopu aliikuta mezani. Mzee aliyemtangulia aliitumia miaka kumi na mmoja, akichapa kwa vidole viwili, mpaka gamba likachubuka pale viganja vyake vilipokaa. Na hapo hapo akafia. Walimkuta Jumanne moja baada ya chakula cha mchana, mikono iko palepale, na kwa saa nzima wenzake walidhani anafikiri. Aliyeiondoa ile mikono ni Mkuu, kwa ncha za vidole, kama mtu anayeondoa utando wa buibui, na kabla ya kuita mtu yeyote alivuta kwanza faili alilolitaka kutoka chini ya kiwiko cha marehemu. Hilo hakulionea haya hata siku moja. Alichokionea haya ni yale madoa. Jumatatu angesimama mbele ya wakurugenzi kwa mara ya kwanza, nao wangeyaona na kusema huyu kijana karithi mabaki. Aliomba mashine mpya, akaambiwa hiyo bado nzima. Basi akachukua ruhusa ya Ijumaa, akatazama video tatu za kupaka rangi, akajiona fundi.

Tumpe haki yake, hakuanza vibaya. Alifungua skrubu zote akazipanga kwenye kisahani. Alitoa kibodi, betri na matumbo yote ya ndani, akayaweka kwenye sinia chini ya kitanda. Akalipiga gamba msasa, akalifuta kwa spiriti, akaziba matundu kwa selotepu ya karatasi, kisha akapuliza. Jambo moja tu hakulifanya, hakujifunga kitambaa puani. Alisema hayo ni mambo ya waoga. Ule unga laini uliotoka pale penye viganja vya mzee aliuvuta wote mapafuni, akapiga chafya mara mbili, akaendelea.

Mkewe, mshonaji wa sare za shule, aliacha cherehani yake ukumbini akaja kusimama mlangoni mwa stoo.

"Iache hivyo hivyo," alisema kwa sauti ya chini. "Kitu cha marehemu hakichezewi."

"Cha marehemu? Cha ofisi! Tena marehemu mwenyewe alikuwa mshamba wa kutupwa. Barua pepe alikuwa anaichapisha kwenye karatasi ndiyo aisome."

"Mbona hapa pananuka dawa ya kuchua?"

"Ni rangi."

"Mimi naijua rangi, na dawa ya kuchua naijua. Hii ni dawa."

Mkuu naye alikuwa ameisikia. Mzee yule alikuwa akijichua viwiko na vifundo vya mikono kila asubuhi kabla ya kugusa kazi, na masjala nzima ilinuka kafuri mpaka saa nne. Lakini kukubaliana na mkewe lilikuwa jambo ambalo Mkuu hakulizoea, kwa hiyo alimwambia arudi kwenye marinda yake.

Jumamosi asubuhi aliyapiga msasa yale madoa upya, akapuliza rangi mara ya pili, akafunga stoo na ufunguo akautia mfukoni. Mchana walikuwa mezani wanakula wakasikia mlio. Ta. Kimya. Ta-ta. Kimya kirefu. Ta.

Mke aliweka kijiko chini. "Nani anachapa?"

"Bomba la maji."

"Bomba linachapa kwa vidole viwili?"

Mkuu aliinuka kwa hasira ambayo ndani yake mlikuwa na kitu kingine, akaenda kwanza chumbani, akachungulia chini ya kitanda, akaiona kibodi imelala kwenye sinia kama alivyoiacha, haina waya wala pumzi, halafu akarudi hadi kwenye mlango wa stoo, na ule mlio haukukoma alipokaribia, haukukoma alipotia ufunguo, ulikoma tu alipofungua, na pale juu ya magazeti palikuwa na gamba tupu lenye tundu kubwa mahali pa herufi, na harufu ya kafuri ilimpiga usoni nzito na ya moto, kama pumzi ya mtu aliyeinamia kazi muda mrefu.

Madoa yalikuwa yamerudi. Safari hii yalikuwa na vidole.

Alirudi mezani akasema ni panya. Ajabu ya watu wa aina yake ni kwamba hofu ikiwafika kooni huigeuza matusi. Alimtukana panya, akamtukana aliyemuuzia rangi, akamtukana marehemu kwa kuacha jasho lenye chumvi lisiloshika rangi. Kisha akachukua glasi ya maji, ikateleza mkononi ikavunjika. Akachukua nyingine. Ikateleza nayo. Akatoa simu ampigie muuza rangi, akaweka kidole gumba pa kufungulia, simu ikakataa. Akafuta kidole kwenye shati, akarudia. Ikakataa. Akaweka kidole cha kulia, cha kushoto, vyote kumi, na simu ikavikataa vyote.

"Hebu nione mikono yako," mkewe alisema.

Alimshika kiganja akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Kilikuwa laini kabisa. Hakikuwa na mstari hata mmoja, si ule wa katikati, si ile midogo ya kwenye vidole, na lile kovu la kopo la maziwa alilolipata utotoni halikuwepo. Kilikuwa kama ukurasa ambao haujaandikwa. Mke alikiachia haraka.

"Kimekuuma?"

"Hakiumi." Sauti ya Mkuu ilikuwa nyembamba. "Sihisi kitu."

Hapo ndipo alipoogopa kweli, na mimi sitamficha. Alikwenda stoo tena peke yake, akainama juu ya lile gamba mchana kweupe, jua likiingia dirishani na watu wakipita nje wakicheka mambo yao, akaiona ile michoro miwili ya mikono kwenye rangi jinsi ilivyokuwa dhahiri, kila mstari mahali pake, kila kikunjo cha kidole, na kwenye kiganja cha kushoto, chini ya kidole gumba, akaliona kovu la kopo la maziwa, kovu lake yeye, limekaa kwenye laptopu ya marehemu kana kwamba ndiko lilikozaliwa, na wakati anatazama, michoro ile ikazama kidogo ndani ya plastiki, taratibu, kama godoro linavyobonyea mtu anapoegemea.

Alitoka bila kufunga mlango. Usiku huo walilala ukumbini, taa zote zinawaka, na Mkuu wa masjala alimshika mkewe kwenye kanga kwa mikono isiyohisi kitu.

Jumapili mke hakuomba ruhusa. Alikwenda nyumba ya tatu akarudi na mganga. Mkuu alimwangalia kuanzia miguuni hadi kichwani. Alikuwa binti wa miaka ishirini na saba hivi, muuguzi wa hospitali, amevaa sandali za mpira, kabeba beseni la plastiki na kifuko cha ubani. Uganga, kazi yake ya pili, aliachiwa na bibi yake.

"Ndiye huyu?" Mkuu alimnong'oneza mkewe, kwa mnong'ono uliosikika mpaka barabarani. "Si bora ungeniletea mtu mzima?"

"Watu wazima wamekushinda," binti alijibu bila kumtazama. "Kaa chini. Toa mikono."

Aliishika, akaipapasa, akaenda stoo akakaa huko dakika tano. Aliporudi alikuwa amelibeba gamba kwa kitambaa, akaliweka sakafuni katikati ya ukumbi, mbele yake beseni la maji. Alizungumza kwa sauti ya chini sana, kama watu wanavyozungumza mgonjwa akiwa ndiyo kwanza amepata usingizi.

"Si marehemu. Marehemu kapumzika zake. Huyu ni jini aliyekuwa akikaa naye, mikono yake juu ya mikono ya mzee. Majini wengine wanapenda watu wapole, wanawaegemea tu, hawawadhuru. Sasa mzee hayupo, na mahali pake ulipapiga msasa. Anatafuta mahali pengine pa kuweka mikono."

"Na mikono yangu?" Mkuu aliuliza.

"Ameshaanza kuijaribu."

Mke aliziba mdomo kwa ncha ya kanga.

"Ulipokuwa kazini na yule mzee," binti aliendelea, "ulikuwa unamsalimiaje?"

Mkuu alikuna shingo kwa kidole kisichohisi shingo. "Kawaida tu. Vipi dingi, mambo."

"Mtu wa umri wa baba yako?"

"Kazini hakuna baba."

Binti alimtazama muda, na katika macho yake mlikuwa na dharau safi kabisa, dharau ya mtu aliyekwisha kuwaona wakubwa wengi wakiwa wamevaa gauni la wodini lililo wazi nyuma. "Basi leo utamsalimia huyu aliyekuwa akikaa naye. Utapiga magoti, utaweka mikono ndani ya maji, utasema shikamoo. Sema kwa moyo. Halafu unyamaze. Akiitikia mwenyewe, ameridhika, atakurudishia chako aende zake. Asipoitikia, tutarudia kesho, na keshokutwa, mpaka aitikie. Jambo moja tu. Usiitikie wewe kwa niaba yake. Hata akikawia vipi, salamu hiyo si yako kuijibu."

"Kesho nina wakurugenzi."

"Umenisikia?"

"Nimesikia."

Alipiga magoti. Suruali ilikuwa mpya, akaipandisha kwanza isikunjike. Ubani ukafuka. Akatia mikono kwenye beseni, akaliangalia lile gamba lenye mikono yake, na nasema kweli, kwa pumzi moja alikuwa mtu. Macho yalimlenga machozi.

"Shikamoo," alisema.

Hakuna kilichojibu. Maji yalitulia. Nje mtu alikuwa anaosha gari. Harufu ya kafuri ilipanda polepole, ikaupita ubani, ikajaa ukumbini, na ta moja ikasikika kutoka kwenye gamba, ikafuatwa na kimya, kisha ta nyingine, kama mtu mzima anayetafuta herufi ya kuanzia, na binti akainua kidole kumwambia ngoja, na dakika zikapita, mbili, tatu, tano, na Mkuu akaanza kuhisi magoti yanauma, na pamoja na magoti ikamrudia ile hali yake ya siku zote, akajiona alivyo, mkuu wa masjala, kapiga magoti mbele ya plastiki kwa amri ya msichana wa sandali, anasubiri laptopu imwitikie salamu, na kichwani mwake akawaona wakurugenzi wote wanachungulia dirishani wanamcheka.

Sasa, huko masjala Mkuu alikuwa na mchezo mmoja wa kuchekesha watu wakati wa chai. Aliweza kumwigiza mzee: kile kikohozi, zile pumzi, yale maneno yanayotoka yakiburuza miguu. Watu walicheka mpaka wakamwaga chai. Ndicho kitu pekee alichowahi kukifanya vizuri maishani.

"Khm," Mkuu alisema, huku akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Marahaaba, mwanangu."

Binti aliruka akasimama.

Kila kitu kilinyamaza. Harufu ilikatika papo hapo, kama mlango uliofungwa. Kwenye gamba yale madoa yalijaa rangi, yakapotea, likabaki jeusi kotekote, laini, zuri, kazi ya fundi. Mkuu alitoa mikono majini akaitazama. Mistari ilikuwa imerudi. Alicheka kwa sauti.

"Unaona? Mnatishana bure tu humu ndani!"

Binti alikuwa tayari anamwaga maji mlangoni. "Nilikwambia usijibu," alisema. "Nilikwambia jambo moja tu. Anayeitikia ndiye mzee." Akachukua beseni lake tupu, akaondoka upesi bila kuaga na bila kugeuka nyuma.

Mkuu alisimama. Ilimchukua muda, kiuno kilikuwa kizito. Aliitazama mikono yake tena, safari hii vizuri. Mistari ilikuwapo, ndiyo, lakini ilikuwa mingi mno, mirefu, imechimbika, na ngozi ya juu ilikuwa na mabaka ya uzee. Alitaka kumwita mkewe aje aone.

Mke alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwake. Alimwangalia usoni, akajitanda kanga vizuri kichwani, akainamisha macho chini. Alipozungumza ilikuwa kwa ile sauti ya adabu ambayo Mkuu aliidai miaka saba ya ndoa yao bila kuipata hata siku moja.

"Shikamoo mzee," alisema. "Karibu kiti. Mume wangu alikuwa hapa sasa hivi, sijui katoka?"