Punje Tisa Katika Mkebe wa Daraja

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Roselyne aliteka maji, akawasha moto wa chai na kufagia ua wa nyanya yake. Kazi hizo hakuzilalamikia. Kilichomkera ni kijito kilichokuwa kati ya nyumba yao na shule. Alipofika ukingoni alivua viatu, akavining'iniza shingoni, akakunja sketi na kuingia majini akiomba asiteleze.

Wakati wa kiangazi maji yalimfika kwenye vifundo vya miguu tu. Masika yakija, kijito kilifura, na watoto wote wa kijiji cha Mukhuyu wakarudi nyumbani. Muhula uliopita Roselyne alikosa masomo siku kumi na moja, na mbili kati ya hizo zilikuwa za mtihani. Yeye aliyezoea kuwa wa tatu darasani akawa wa kumi na tisa. Iliuma sana, lakini hakumwambia mtu.

Aliishi na nyanya yake, Nabwile. Alimwita Kukhu, kama watoto wengi wa Bungoma wanavyowaita nyanya zao. Mama yake alifanya kazi katika ghala la mahindi huko Kitale, akija nyumbani kila mwisho wa mwezi.

Ijumaa moja mkutano wa bajeti ya kaunti ulifanyika shuleni kwao. Mwalimu Wakoli wa Gredi ya Sita aliwachagua wanafunzi wachache wasaidie, akiwemo Roselyne. Afisa wa bajeti, Bi. Suad, alitoka mjini Bungoma, na kwa kuwa gari halingeweza kuvuka kijito, alivuka kwa miguu. Alivaa gambuti, akabeba sanduku la karatasi kichwani juu ya hijabu yake, wala hakukubali kupokewa. Watu walimpenda kabla hajafungua mdomo.

Alieleza mambo kwa lugha nyepesi. Pesa za kaunti hazitoshi kufanya kila kitu kwa mwaka mmoja, akasema, kwa hiyo kila kijiji kichague jambo moja litangulie. Mukhuyu walikuwa na maombi matatu: chumba cha akina mama kujifungulia katika zahanati, daraja la kuvuka kijito kwa miguu, na taa za sokoni. Watoto hawakuwa na kura, ila walikuwa na ruhusa ya kusema. Bi. Suad aliwatazama wanafunzi na kuuliza kama kuna mwenye neno. Roselyne alikuwa nalo, lakini alipoona macho ya watu wote wale, ulimi ulimkauka.

Mukhwana, kijana wa bodaboda, ndiye aliyetetea daraja, na aliongea kwa bidii hata watu wakacheka.

Kura zenyewe zilikuwa punje za mahindi. Bi. Suad alisema watu wakiinua mikono, mtu humwogopa shemeji au jirani. Kwa hiyo mikebe mitatu iliwekwa ndani ya darasa, kila mmoja ukiwa na picha yake, na mlangoni pakatundikwa shuka. Kila mtu mzima aliandikwa jina, akapewa punje moja na kuingia peke yake. Aliyeshika sinia la punje mlangoni alikuwa Roselyne.

Watu walikuja kwa utaratibu wa kupendeza, wazee kwa vijana, wengine wakiwa na majembe begani. Alipoingia wa mwisho na kutoka, Mwalimu Wakoli alimtuma Roselyne ndani akailete mikebe. Huko hapakuwa na mtu. Mfuko wa sweta yake ulikuwa na punje tisa, alizozitoa kwenye sinia moja moja bila kujua hasa atazifanyia nini. Sasa alijua. Alizitia zote katika mkebe wa daraja, haraka.

Hesabu ilifanyika hadharani. Daraja hamsini na nane, chumba cha kujifungulia hamsini na moja, taa kumi na nane. Waliotaka daraja walipiga vigelegele. Roselyne naye alitabasamu, akasahau kwamba majina yalikuwa yameandikwa.

Bi. Suad hakutabasamu. Alijumlisha mara mbili, akafungua daftari.

"Waliopiga kura ni watu mia moja na kumi na wanane," alisema. "Punje ni mia moja ishirini na saba. Siwezi kupeleka matokeo haya. Na orodha inafungwa leo jioni. Tusiporekebisha, Mukhuyu haitakuwa na ombi hata moja mwaka huu."

Minong'ono ilianza, na haikuchukua muda kumpata mtu wa kulaumu. Si Mukhwana ndiye alikaa sana ndani? Si yeye ndiye aliyelilia daraja kuliko wote? Mzee mmoja alimwambia wazi kwamba amekiharibia kijiji kizima.

"Mimi niliweka moja tu, bana," Mukhwana alisema. Alikuwa amevua kofia. "Ati kwa sababu niliongea, ndio niko mwizi?"

Roselyne alimtazama. Huyu ndiye aliyekuwa akiwavusha watoto wadogo mgongoni maji yalipoanza kupanda, bila kuitisha chochote. Ndipo aibu ikawa kubwa kuliko woga. Alisimama.

"Si yeye," alisema. "Ni mimi. Nilitia punje tisa."

Alimwona Kukhu akishika shavu. Bi. Suad alimsogelea na kumuuliza kwa upole kwa nini alifanya hivyo, naye akaeleza yote: siku kumi na moja, mtihani, nafasi ya kumi na tisa.

"Haya ni maneno mazito. Mbona hukuyasema asubuhi?"

"Niliogopa watu."

Kisha Bi. Suad aliwauliza wanakijiji kama wako tayari kupiga kura upya. Hapo ndipo Mukhuyu walinishangaza hata mimi ninayesimulia. Wingu lilikuwa limefunga upande wa Mlima Elgon, ng'ombe hawajakamuliwa, na watu tangu asubuhi walikuwa wamekunywa maji tu. Hakuna aliyeondoka. Walipanga foleni tena, wote. Wawili waliokuwa wameshakwenda sokoni walifuatwa kwa pikipiki, na aliyewafuata alikuwa Mukhwana yuleyule. Roselyne alimwomba msamaha, naye akamwambia wamalize kazi kwanza.

Bi. Suad alichukua sinia na kumrudishia Roselyne. Mtu mmoja alinung'unika.

"Amesema ukweli wakati angeweza kunyamaza," Bi. Suad alijibu. "Mimi nafanya kazi na mtu kama huyo."

Roselyne aligawa punje mia moja na kumi na nane, na safari hii mikebe ililetwa na Mwalimu. Chumba cha kujifungulia kilipata hamsini na nne, daraja hamsini na mbili, taa kumi na mbili. Hesabu ilikubaliana na daftari. Bi. Suad aliandika chumba nafasi ya kwanza na daraja nafasi ya pili, kisha akamwomba Mwalimu Wakoli daftari la mahudhurio. Kumbe wanafunzi ishirini na watatu walikosa siku zilezile. Yote yaliandikwa. Alisema hawezi kuwaahidi daraja, ila yeyote atakayesoma karatasi ile atajua kwa nini wanalitaka.

Jioni Roselyne na Kukhu walivuka kijito wameshikana mikono. Ng'ambo ya pili, Kukhu aliketi ukingoni apumzike.

"Umekasirika, Kukhu?"

"Nimekasirika. Na ulivyosimama mbele za watu, nimefurahi pia." "Wajua niliweka punje yangu wapi?"

Roselyne alidhani ni katika mkebe wa daraja. Kukhu alitikisa kichwa.

"Mama yako alikuja kutoka Kitale akiwa na mimba yako. Uchungu ulimshika hapa, zahanati haina mahali pa kuzalia, tukakimbilia Bungoma. Hatukufika. Ulizaliwa kando ya barabara karibu na Kibabii, mvua ikitunyeshea, na mama yako nusura afe. Watu wako tisa wa uongo hawakuwapo siku hiyo. Mimi nilikuwapo."

Roselyne alianza kulia, na Kukhu alimwacha alie.

"Ukitaka jambo, simama useme sababu yako," alisema hatimaye. "Ukishindwa kwa haki, mwaka ujao utasema tena na watu watakusikiliza. Lakini kila punje ya wizi inamnyamazisha mtu aliyekuja na yake ya halali. Mimi nilikuwa na moja tu, mjukuu wangu, na niliiweka kwa sababu yako."