Doa la Damu na Uzi wa Manjano

Kila Jumamosi asubuhi, ua wa nyumba yao uligeuka bwawa la povu. Mama alikuwa mwosha mazulia, na Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kazi kubwa. Zulia moja lilikuwa chini likisuguliwa, jingine likichuruzika maji juu ya ukuta, jingine limeanikwa kwenye vyuma ambavyo baba alivichomelea mwenyewe kabla hajapata kazi ya mbali. Binti yao alikuwa na kazi mbili: kushika mpira wa maji na kuongea. Hii ya pili hakupewa na mtu. Aliongea maji yakifunguliwa, akaongea yakifungwa, mpaka mtaa mzima ukamwita Chiriku.

Mama alikuwa na desturi yake. Zulia likifika, kabla halijaguswa na tone la maji, alilitandaza na kulikagua kuanzia ukingo hadi ukingo. Akikuta doa la zamani ambalo hakuwa na hakika kama litatoka, alichukua sindano na kushona mshono mmoja wa uzi wa manjano pembeni mwake. Siku ya kulichukua zulia, mwenyewe aliuona ule uzi, akajua doa lile alikuja nalo kutoka kwake. Mama aliukata mbele yake, wakaagana kwa amani. Hakuna mteja aliyewahi kubishana na uzi wa manjano.

Jumamosi hiyo zulia la Bibi Mkunga ndilo lililotangulia kukauka. Lilikuwa na rangi ya maziwa, lenye ukingo wa buluu, nene kiasi kwamba ukilikanyaga vidole vya miguu vinapotea. Bibi Mkunga alikuwa amewazalisha akina mama wengi wa mtaa ule, mama yake Chiriku akiwa mmojawapo. Sasa alikuwa amestaafu na mgongo ulimsumbua, kwa hiyo zulia lake lililetwa na mtu wa mkokoteni. Mama alilikagua peke yake, akaliosha, na lilipokauka wakalitandaza sebuleni ili lipigwe brashi.

"Napeleka lile la yule dada wa duka la dawa," mama alisema akijifunga kanga vizuri. "Hili la Bibi Mkunga lipige brashi upande mmoja, manyoya yalale. Usile juu yake, usilale juu yake. Na hilo jino liache. Likitaka kutoka litatoka lenyewe."

"Sawa, mama."

"Sawa ya kweli, au sawa ya kunitoa mlangoni?"

"Ya kweli, mama!"

Na kweli alianza vizuri. Alipiga brashi nusu ya zulia huku akiimba. Kisha akakaa kidogo kupumzisha mkono. Kisha akachukua kitabu cha hadithi, maana kukaa bure ni kupoteza wakati. Kisha, hata hakujua ilikuwaje, akajikuta amelala kifudifudi katikati ya zulia lile laini, kitabu mbele yake, na vidole viwili kinywani.

Jino lilikuwa gego la utotoni lililokuwa likicheza wiki nzima. Alilisukuma huku, akalivuta kule. Hadithi ilipofika pazuri akalivuta kwa nguvu zaidi, na mara, ka! Jino likatoka, likamponyoka vidoleni. Kabla hajafumba kinywa, damu ilikuwa imedondoka, na mbele yake pakawa na doa jekundu, kubwa kama kifuniko cha soda, katikati ya weupe wote ule.

Alikimbilia jikoni huku amekinga mkono kidevuni. Siku zote alikuwa amemwona mama akipambana na madoa ya mafuta, na mama aliyashinda kwa maji ya moto. Basi Chiriku alikamata chupa ya chai iliyokuwa na maji ya moto, akarudi mbio, akayamimina juu ya damu, akasugua kwa nguvu zake zote.

Doa halikutoka. Lilitanuka. Lilikuwa kama kifuniko cha soda, sasa likawa kama kisosi, na ule wekundu ukageuka hudhurungi iliyong'ang'ania manyoya ya zulia. Alisugua mpaka mikono ikamuuma. Alikausha kwa kitambaa, akatazama tena. Lilikuwa palepale. Hata jino lenyewe alilitafuta asilione.

Ndipo macho yake yalipoangukia kopo la sindano juu ya kabati. Wazo likamjia. Lilikuwa wazo baya, lakini lilikuja limevaa vizuri. Akatunga uzi wa manjano kwenye sindano, akapiga magoti, akashona mshono mmoja pembeni mwa doa, vilevile kama alivyoona mama akishona.

Mama aliporudi, alikuta zulia limekwisha kukunjwa na kufungwa kamba.

"Mwanangu! Umelikunja peke yako?" alisema kwa furaha. "Siku hizi nina msaidizi wa kweli."

Sifa hiyo ilimchoma Chiriku kuliko kipigo. Wakati wa kula, akala kimya. Mama akamtazama, akamtazama tena.

"Leo vipi? Umemeza ulimi?"

"Jino limetoka, mama," alisema, akafungua kinywa kuonyesha pengo.

"Ahaa, ndiyo maana. Liko wapi?"

"Limepotea."

Hilo angalau lilikuwa kweli. Mama akamtengenezea maji ya chumvi ya kusukutua, akamwambia alale mapema.

Kesho yake asubuhi Bibi Mkunga alikuja mwenyewe, polepole, mkono mmoja kiunoni na mwingine begani kwa mjukuu wake. Mjukuu huyo alikuwa na alama ndogo shavuni, wakamwita Kidoti, na darasani alikaa dawati moja na Chiriku.

"Shikamoo, Bibi," Chiriku aliamkia huku akiangalia chini.

"Marahaba, mjukuu wangu. Hee, leo salamu moja tu? Wewe si huwa unanipa na habari za mtaa mzima?"

Mama alicheka, akafungua kamba, akalitandaza zulia uani. Jua la asubuhi lililipiga, likang'aa. Bibi Mkunga akaguna kwa kuridhika. Halafu wote wawili wakauona uzi wa manjano.

Mama alikunja uso. Akainama, akaligusa doa kwa kidole. "Mbona hili silikumbuki?" alisema taratibu. "Limeingia ndani hasa. Lakini uzi ndio huu. Lazima nililiona, nikasahau. Wiki hii mazulia yalikuwa mengi, kichwa changu kimechoka."

Chiriku alitamani ardhi ipasuke. Mama yake, ambaye hakuwahi kusahau hata kamba ya mteja, alikuwa amesimama pale akijishuku mwenyewe.

"Hujasahau kitu, mama," Bibi Mkunga alisema, na sauti yake ikawa nzito. "Damu hiyo naijua. Mimi na damu tumejuana miaka mingi." Akamgeukia mjukuu wake. "Kidoti, ni nani nyumbani hutokwa na damu puani?"

"Mimi, Bibi."

"Na nilikuuliza, siku zulia linatolewa, kama umelichafua. Ukaniapia kwamba hujafanya kitu."

"Lakini Bibi, sikufanya kitu! Kweli tena! Ilipotoka mara ya mwisho nilikuwa bafuni!"

"Uzi huu hapa. Mama huyu hajawahi kumsingizia mtu. Unanidanganya mchana kweupe? Kuchafua si neno, sote tunachafua. Lakini kuniapia uongo! Basi Jumamosi ijayo kwa shangazi yako nitakwenda peke yangu. Sitembei na mtu nisiyemwamini."

Machozi yalimjaa Kidoti, akageuza uso upande wa ukuta. Wiki nzima darasani alikuwa akisimulia safari hiyo ya kwa shangazi, na Chiriku aliijua yote, kuanzia basi watakalopanda mpaka gauni atakalovaa.

Mama alikuwa amekwisha shika mkasi ili akate uzi. Chiriku aliuona ule mkasi ukishuka, akajua kwamba uzi ukikatwa mambo yamekwisha. Hakuna atakayejua tena. Kidoti atabaki mwongo, na yeye atabaki dawati moja naye. Akajikaza kisabuni.

"Mama, usikate!"

Wote wakamgeukia.

"Uzi huo si wako. Nimeushona mimi. Damu ni yangu, ya jino. Nililala juu ya zulia, jino likatoka, nikamwagia maji ya moto, nikasugua, likazidi kuwa baya, na nikaogopa." Maneno yalimtoka mfululizo, na machozi nayo. "Kidoti hajafanya kitu. Nisamehe, mama. Nisamehe, Bibi."

Mama aliuweka mkasi chini, na kabla hajamwambia binti yake lolote, alimgeukia mteja wake.

"Bibi, naomba radhi. Kosa limefanyikia nyumbani kwangu. Zulia lako haliondoki hapa mpaka liwe kama nilivyopaswa kukupa. Na huyu mtoto amefedheheshwa bure."

Bibi Mkunga alimvuta Kidoti karibu, akamfuta machozi kwa ncha ya mtandio wake. "Nisamehe, mama yangu," alimwambia. "Nimekuhukumu upesi. Safari yako iko palepale." Kisha akajishusha kwenye kiti. "Basi tutalitoa pamoja hilo doa. Leo sina pa kwenda, na mgongo wangu umeshakipenda kiti hiki."

Mama alimtuma Chiriku kuleta beseni la maji baridi, vitambaa vyeupe na sabuni ya maji. "Baridi," alisisitiza. "Unajua kwa nini? Damu ni kama yai. Ukiimwagia maji ya moto inaiva, inagandia hapohapo. Ningeikuta mbichi, maji baridi na kitambaa vingetosha. Sasa umeshaipika, tutakuwa na subira."

Alimwonyesha namna ya kulowesha kitambaa na kukibonyeza juu ya doa, kuanzia pembeni kuja katikati, bila kusugua, maana kusugua ndiko kulikolitanua. Bonyeza, inua, geuza upande safi, bonyeza tena. Kitambaa kilinyanyuka na rangi kidogo, kikasuuzwa, kikarudi. Wakaweka sabuni kidogo, wakaiacha ikae, wakabonyeza tena. Kidoti alikuwa bado amenuna, lakini baada ya muda alikuja akapiga magoti upande wa pili, akachukua kitambaa, akaanza kubonyeza.

Doa likafifia, likawa kama chai ya rangi, kisha likagoma. Mama akaleta kichupa cha dawa ya vidonda, ile inayotoa povu. Kwanza aliijaribu kwenye kona ya nyuma isiyoonekana, akasubiri kuona kama rangi ya zulia itabadilika. Haikubadilika. Ndipo akaidondoshea juu ya doa kwa mkono wake mwenyewe. "Hii ni kazi ya mtu mzima," aliwaambia wale wasichana, "na si ya kila zulia. Zulia la rangi inaweza kulipausha."

Povu likapanda, likatulia. Wakabonyeza, wakasuuza kwa maji baridi. Mama akachukua brashi laini ili ainue manyoya yaliyolala. Brashi ikakwama kwenye kitu kigumu. Akatia vidole ndani ya manyoya, akatoa kitu kidogo cheupe, akakiweka kiganjani.

Lilikuwa jino.

Bibi Mkunga aliangua kicheko mpaka akashika mgongo. "Loo! Kumbe shahidi alikuwa amejificha humu humu!" Kidoti naye akacheka, kisha Chiriku, ingawa kicheko chake kilichanganyika na kwikwi. Mama hakucheka. Alilishika lile jino mbele ya jua, akamtazama binti yake.

"Fikiria," alisema, "kama ungenyamaza. Bibi angelipeleka zulia nyumbani, akalitandaza, na siku moja angelikanyaga hili jino. Angejua kwamba uzi wangu umemdanganya, na mjukuu wake alisema kweli. Mwanangu, unadhani watu hutuletea mazulia yao kwa ajili ya sabuni? Sabuni yangu inauzwa kila duka. Wanaleta kwa sababu uzi wa manjano ukisema jambo, ndivyo lilivyo. Huo ndio mtaji wa nyumba hii. Baba yako anaujua, mimi naujua, na kuanzia leo nataka wewe pia uujue."

"Nimeelewa, mama."

"Damu ilianguka kwa bahati mbaya. Ungeniita, ningekufokea kidogo, tungeitoa kwa maji ya kikombe kimoja. Kosa likiwa bichi, linatoka kwa urahisi. Wewe ukalipika kwa uongo, na tazama lilivyotusumbua, tena likaenda kumchafua mwenzako."

Chiriku alimgeukia Kidoti. "Samahani," alisema. Hakutafuta maneno mengine, na kwa mtu kama yeye hilo lilikuwa jambo kubwa.

"Sawa," Kidoti alijibu. "Lakini darasani sikupi kiti cha dirishani mpaka mwisho wa muhula."

"Haki yako."

Zulia lilipokauka, wote wanne walilitafuta doa wasilione. Bibi Mkunga alivua viatu, akalikanyaga, vidole vyake vikapotea kama kawaida. Kisha mama akamkabidhi Chiriku mkasi.

"Uzi uliushona wewe," alisema. "Ukate wewe, mbele ya mwenye zulia."

Chiriku akapiga magoti, akaukata, akauweka ule uzi mfupi wa manjano mkononi mwa Bibi Mkunga. Walipokuwa wakilikunja zulia, mama akamwongezea neno.

"Jumamosi ijayo nitakufundisha kukagua. Utatazama, kisha utaniambia unachokiona. Chote, hata kama ni kosa lako."

"Chote, mama?" Chiriku aliuliza, na sauti yake ya siku zote ikaanza kurudi. "Hata yale ya mtu wa mkokoteni? Maana yule, mama, juzi nilimwona akiwa amelala juu ya zulia la yule dada wa duka la dawa, tena na viatu vyake..."

"Basi, basi!" alisema Bibi Mkunga akicheka. "Chiriku wetu amepona."