Nukta ng'ambo ya Mstari

Lori lilimponyoka kwenye mzunguko wa barabara.

Kipanga alikanyaga breki. Pikipiki yake ya Yamaha ikaserereka, ikasimama ubavu. Harufu ya lori ilikuwa bado puani mwake: damu iliyochacha na bandeji zilizooza. Zilikuwa taka za hospitali, nazo haziendi kuchomwa.

Genge lenye malori hayo lilikuwa likiokota humo sindano zilizotumika, likizisuuza na kuzifunga upya. Mchana huohuo zingetumika kuwachoma watoto wachanga chanjo.

Kipanga alitema mate.

"Shemeji, wameniponyoka. Nitafutie kiwanda chao."

Mume wa dada yake ndiye aliyekuwa fundi wa kompyuta wa Idara ya Upelelezi. Sauti yake ilikwaruza kwenye redio ya sikioni.

"Nina vituo laki tatu, mahali malori yaliposimama, na nukta milioni mbili za mahali simu za genge zilipokuwa. Kila kituo nikitafutie nukta iliyo karibu nacho zaidi? Nikipima kila kimoja na zote, watoto watakuwa wameshachomwa."

"Ukiishiwa chumvi, unagonga milango ya mji mzima?"

Kicheko kifupi. "Nagonga kwa jirani."

"Basi ikate ramani miraba. Kila kituo kiulize mrabani mwake tu."

Kipanga alikuwa hajamaliza kufuta jasho sauti iliporudi.

"Nimepata! Kwa dobi, karibu na reli."

Kipanga aliupiga teke mlango wa dobi, bastola ya Glock mkononi. Mvuke. Mashuka. Wanawake wawili wakainua mikono.

"Tunafua tu, dada! Hata yale makoti meupe ni ya wateja!"

Hawakuwa wakidanganya.

"Shemeji, umenileta kwenye sabuni!"

"Kompyuta ndivyo isemavyo..."

Dirisha la nyuma lilikuwa wazi. Uvundo ule ukaingia.

"Mstari wa mraba wako umepita wapi?"

"Kwenye mtaro, nyuma ya hapo ulipo."

"Jirani wa karibu anaweza kuwa ng'ambo ya mstari, bwana! Chungulia na miraba inayopakana!"

Vidole vikadonoa kibodi.

"Salaale! Ghala la rangi. Nukta zimejazana kama nzi."

Alishauruka mtaro.

Ndani, beseni la kuogea lilijaa maji ya kahawia. Sindano zilielea humo, nyingine zimenasa nywele. Mwanamume mmoja alikuwa akizikoroga kwa fimbo huku anatafuna mkate.

Kipanga aliinua Glock.

Bosi wa genge, ndani ya koti jeupe, akachomoa bastola.

Risasi ya Glock ilitangulia. Bastola ikaruka.

"Mama, tunaziosha vizuri," bosi alilia, ameshika kiganja. "Safi kabisa!"

Kipanga aliopoa sindano moja ikidondosha maji, akampandisha mkono wa koti.

"Basi anza wewe."

Bosi akatapika.

"Zina maradhi! Usinichome! Maboksi ya sindano yamo kwenye gari la bluu, uani! Halijaondoka!"

Halikuwa limeondoka. Polisi walilizingira, wakapakua boksi baada ya boksi.

"Shemeji," redio ikanong'ona, "dada yako anauliza kama utakuja kula."

"Mwambie nitakuja kuoga."

Akavaa helmeti, akawasha Yamaha. Hakugeuka nyuma.