Paja la Sita

Jumanne, saa tatu asubuhi, Grímur alifungua banda lake la kufukizia nyama. Juu ya samadi kavu ya kondoo aliyoichoma ili kupata moshi kulikuwa na majivu ya karatasi, na mapaja matano ya kondoo ya Krismasi yalinuka wino. Kipande kimoja hakikuungua. Mwandiko ulikuwa wa jirani yake, Bergljót: riwaya yake ya masimulizi ya kale ya bonde lao, iliyomchukua majira matatu ya baridi kuiandika. Nakala nyingine hakuwa nayo.

Saa tano akafika Steinvör, polisi wa wilaya. Grímur alimpokea kwa kelele.

“Wote wananinyooshea kidole! Ndiyo, nilisema kanisani kitabu hicho kichomwe. Kimemfanya babu yetu wa kale mwoga! Lakini nichafue nyama yangu mwenyewe? Mimi punguani?”

“Mapaja yalikuwa mangapi?”

“Sita. Moja humpelekea Bergljót kila mwaka. Ana ulimi mkali, lakini mama yangu alipougua, yeye ndiye aliyemwogesha.”

“Mwaka huu umempelekea?”

“Bado. Sijampa mtu hata kipande.”

Steinvör alitazama kulabu. Moja ilikuwa tupu.

Saa saba alikuwa jikoni kwa Bergljót. Mama huyo hakulia. Alikata viazi kana kwamba vimemkosea. Mumewe, Ketill, alileta kahawa na mkate wenye nyama ya moshi.

“Kula, afande. Halafu kamfunge yule mshenzi.”

Steinvör alitafuna taratibu. Haikuwa na harufu ya wino.

“Tamu. Ya kwenu?”

“Ya Grímur,” alisema Bergljót. “Ketill kaja nayo leo alfajiri, eti kapewa. Mtu anichomee kitabu, kisha aniletee nyama?”

Steinvör akaweka mkate chini.

“Grímur hajampa mtu. Ketill, uliliondoa paja lenu kwanza, ndipo ukawasha moto. Tumbo lako limekuumbua.”

Ketill aliiva uso.

“Kaniandika! Mume anayempiga mkewe kibao mbele ya wageni! Bonde zima lingenicheka!”

“Nilimwandika mtu aliyekufa miaka elfu iliyopita,” alisema Bergljót. “Wewe ndiye uliyejitambua. Toka nyumbani kwangu.”

Steinvör akaondoka na Ketill.

Saa tisa Grímur alivua viatu mlangoni kwa Bergljót, akatua bunda la karatasi mezani.

“Wazee waliyabeba masimulizi haya midomoni kabla hayajaandikwa. Wewe sema, mimi niandike.”

“Babu yenu atabaki mwoga.”

Grímur alimlaani yeye na vizazi vyake vitatu, kisha akafungua kalamu.